Ngozi Kumi na Moja za Mbuzi wa Makote

Funguo za karakana nilizikabidhi Ijumaa iliyopita baada ya swala, na tangu siku hiyo mikono yangu haijui ikae wapi. Ninyi mliobaki mmeniomba niandike jinsi nilivyoianza kazi ya ngozi, ili wanaoingia wapya wasome. Sitaandika nani alinipandisha cheo wala nilipewa nini kwa mwezi. Hayo hayamfundishi mtu kukwangua ngozi. Nitaandika mwaka wangu wa kwanza tu, wakati wa Mdachi, mwaka wa Maji Maji. Mkiona nimeandika kwa hasira, msidhani ni uzee. Hasira hii niliipata nikiwa na miaka ishirini na miwili, na nimemwomba Mungu mara nyingi aniondolee. Hajaniondolea. Nimeacha kuomba, kwa kuwa naona ameiacha makusudi.

Nilifika Kitangari nikitokea Lindi, ambako nilikuwa nimemaliza chuo. Nilikuwa nimehitimu msahafu na kusoma vitabu vya mwanzo vya fiqhi. Mlango wa twahara niliujua wote kwa moyo: maji gani yanafaa, najisi ipi ni nzito na ipi ni nyepesi, nguo ioshwe vipi. Baba alitaka niwe mwalimu, lakini kwetu Makote walimu walikuwepo wawili, na wanafunzi hawakuwatosha hata hao. Mjomba akasema, "Nenda kwa Fundi Chilumba. Watu wanaweza kuishi bila kusoma, lakini miguu yao inataka makubadhi." Baba alinuna wiki nzima, kisha akaniombea dua, nikaondoka.

Fundi Athumani Chilumba alikuwa Myao kutoka upande wa Masasi, mfupi, mwenye mikono kama ya mtu mwingine mkubwa zaidi. Ujana wake wote aliumaliza katika misafara, akishona viatu na mikoba ya wapagazi. Uzee ulipomkuta alijenga bondeni Kitangari kwa sababu moja tu, maji. Mliozaliwa uwandani hamhitaji kuelezwa. Juu Newala mwanamke alikuwa akitoka alfajiri na mtungi, anashuka bondeni, anapanda tena, na anapofika nyumbani jua limekwisha kusimama. Na kazi ya ngozi ni kazi ya maji. Ngozi moja ya mbuzi, tangu kuoshwa damu mpaka kusuuzwa mara ya mwisho, hunywa maji ambayo yangeitosha nyumba nzima siku mbili.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja kujifunza nini?"

"Kazi ya ngozi."

"Chukua mtungi."

Nilisubiri aseme neno la pili. Akarudi kwenye kazi yake. Nikachukua mtungi nikaenda kisimani, ambako wanawake walikuwa wamepanga foleni tangu usiku haujaisha. Mwanamume mwenye mtungi hawakuwa wamewahi kumwona.

"Jamani, tazameni! Huyu mkewe amekufa au amemfukuza?"

"Hana mke. Huyu msomi wa Lindi. Huoni anaubeba mtungi kama msahafu?"

"Maalimu, uweke kichwani! Hauumi!"

Nikauweka kichwani. Hatua ya kumi ukaanguka ukavunjika, na kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Newala. Nilimrudia Fundi nikiwa na vigae viwili. Akavitazama.

"Ulikuwa wa mke wangu," akasema. "Kamwambie mwenyewe."

Wiki mbili nilichota maji tu. Siku ya mwisho aliniambia kwa nini. "Kila tone utakalomwaga hapa, kuna mwanamke angelipandisha mlimani. Sasa unaijua shingo yake. Anza kuloweka."

Kazi yenyewe alinifundisha hivi, nami nimewafundisha hivyo hivyo. Ngozi mbichi ikifika usiikunje. Isuuze damu, itandaze kivulini. Jua huifanya ngumu juu huku inaoza ndani, na hutajua mpaka uikate. Ukitaka kutoa manyoya, iloweke katika maji ya majivu, na kila asubuhi jaribu kunyofoa kwa vidole viwili. Yakitoka bila kuvuta, iko tayari. Ukiichelewesha siku moja, ngozi yenyewe itaanza kutoka pamoja na manyoya. Kisha uitandike juu ya gogo na kuikwangua kwa kile kisu cha mikono miwili, ambacho ni butu, na kimefanywa butu kwa makusudi. Mimi nilidhani ni uvivu wa Fundi. Nikakinoa vizuri, nikafurahi kinavyong'aa, na kwa nusu saa nikaitoboa ngozi ya watu mahali patatu. Fundi akaiinua, akatia jicho kwenye tundu moja.

"Nakuona, Maalimu. Wewe unaniona?"

Msharasi wa kutobolea ulinichukua muda mrefu zaidi. Tundu liwe jembamba kuliko uzi, uzi upakwe nta mpaka ulie ukivutwa, na nguvu itoke begani. Atakayetumia kifundo cha mkono ataujua ukweli huu saa tisa alasiri. Kovu lililo kwenye kiganja changu cha kushoto, ambalo mmeniuliza mara nyingi kama ni la vita, ni la kubadhi la mguu wa kulia la mtu mmoja wa Newala ambaye hata hakurudi kulichukua.

Jambo moja lilinikera kwa Fundi, na nitaliandika ingawa linaniaibisha mimi wala si yeye. Fundi hakuwa msomi. Alisoma Alhamdu kwa matamshi ya kwao, na alikuwa anaweza kuacha kazi ya ngozi mbichi, akanawa, akasali papo hapo. Nilimsahihisha. Mungu anisamehe, nilimsahihisha hata mbele ya wateja.

"Fundi, ngozi ile ni ya mzoga, na maji yake yamekurukia."

"Wapi?"

"Hapo kwenye pindo. Na hapo."

Akaosha pindo. "Maalimu," akasema, "mimi na Mungu tunajuana tangu misafara. Wewe mgeni ndiye unayetutambulisha."

Kisha vita vikaja. Vijana wa bondeni walikunywa ile dawa ya maji, wengine wakafa, na sitawacheka. Walikuwa wamechoka kubebeshwa mizigo ya watu bila kuulizwa. Mimi sikunywa, wala haukuwa ushujaa. Nilisema ni shirki nikarudi kwenye gogo langu. Vita vilipokuwa vimekwisha ndipo ubaya ulipopanda uwandani. Askari wa Mdachi walipita kijiji baada ya kijiji wakichoma. Watu hawakuwepo, walikuwa wamekimbilia vichakani, kwa hiyo askari walipigana na mtama. Walichoma ghala, wakachoma mashamba, na muhogo walishindwa kuuchoma wakaung'oa. Nimesikia vijana wenye shati safi wakikiita kile kurudisha amani. Nilikiona kwa macho yangu. Moshi wake ulinukia chakula.

Siku moja ombasha mmoja wa askari hao alishuka bondeni na wapagazi wawili, akatupa ngozi kumi na moja za mbuzi mbele yetu, bado zina damu.

"Fundi nani hapa?"

"Mimi, bwana."

"Kata kanda za kufungia mizigo. Bwana mkubwa anazitaka msafara ukipita kwenda Masasi."

Nikauliza mimi, "Mbuzi hawa walichinjwa?"

Ombasha akacheka. "Walichinjwa kwa bunduki. Wewe nani, kadhi?"

Fundi akauliza, "Walikuwa wa nani?"

"Wa waasi."

Maswali hayo mawili nimeyafikiria maisha yangu yote. Mimi niliuliza walikufaje. Yeye aliuliza walikuwa wa nani.

Fundi akainamisha kichwa. "Magome hayatoshi, bwana. Lazima niende Lindi kuchukua mengine."

Nilishangaa. Magome, ile dawa ya miti inayofanya ngozi isioze, yalikuwepo nusu ya ghala, nami ndiye niliyeyapanga. Ombasha alipoondoka Fundi alifunga mkoba wake, akanionyesha zile ngozi. "Zisuuze, zitandaze, zikaushe, uzitundike. Usitie majivu wala magome mpaka nirudi."

"Lakini magome yapo, Fundi."

"Nimesema nini?"

"Nizikaushe."

"Basi." Akaenda.

Niliachwa na mambo mawili: uongo wa mwalimu wangu na ngozi kumi na moja za mizoga. Siku mbili nilizikausha kama nilivyoambiwa. Siku ya tatu mvua ikanyesha bila kutarajiwa, banda likavuja, na maji ya ngozi zile yakatiririka mpaka mahali pangu pa kusalia. Nikafua kanzu. Nikanawa. Nikafua tena. Nami nilijua sheria: ngozi ya mzoga ikitiwa dawa hutoharika. Kwa nini nikae na najisi nami nina dawa yake? Nikajiambia kwamba nikizitia magome nitakuwa nimefanya mema mawili, nimejitoharisha na nimeufuta uongo wa Fundi. Nikachota maji siku nzima. Kisimani safari hii hakuna aliyenicheka.

"Maji yote hayo ya nini, Maalimu?" mwanamke mmoja akaniuliza. "Sisi tunatafuta ya kulowekea ndiga."

Ndiga ni kiazi cha porini. Usipokiloweka siku tatu na kubadilisha maji, kinaua. Watu hawali ndiga wakiwa na kitu kingine. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu, nikainua mtungi wangu nikaondoka.

Ngozi zilikubali vizuri sana. Manyoya yalitoka, nikakwangua bila tundu hata moja, nikazitosa kwenye pipa la magome, nikawa nazigeuza asubuhi na jioni. Wiki ya tatu zilikuwa nyekundu mpaka ndani. Asubuhi moja dada yangu Somoe akafika kutoka Makote, amemshika mkono Hadija, mwanawe wa miaka sita, na mgongoni ana Abdala ambaye alikuwa hajaanza kutembea. Mumewe alikuwa amechukuliwa upagazi. Sikumjua dada yangu mpaka aliposema.

"Saidi. Nimeambiwa mbuzi wetu wako kwako."

"Mbuzi gani?"

"Wale kumi na mmoja. Wanne ni wangu. Nipe ngozi zangu nne, nizibabue nizichemshe. Jirani yangu amechemsha ngozi yake ya kuketia, watoto wamesimama."

Nikamwonyesha pipa.

"Umezifanya nini?"

"Nimezitia magome. Zimetoharika, dada."

"Zinalika?"

Nikainama nikaanza kuzigeuza ngozi.

"Nakuuliza, Saidi. Zinalika?"

Akaingiza mkono mwenyewe, akatoa moja, akaitandaza kwenye goti. Ubavuni ilikuwa na mistari mitatu ya kovu. "Huyu beberu wangu," akasema. "Chui alimkosa." Akaikatakata na kuichemsha. Alichemsha tangu asubuhi mpaka alasiri, akimwaga maji na kutia mengine, maji niliyomchotea mimi. Kila mara yalitoka mekundu. Ngozi haikulainika; ilijikunja ikawa kama ganda la mti. Hadija alitafuna, akatema, akalia kwa ule uchungu. Abdala alipewa kijiko cha mchuzi, akatapika, na pamoja na mchuzi yakatoka maziwa machache aliyokuwa ameyapata kwa mama yake.

Somoe hakulia. Aliuliza tu, "Uliambiwa uzitie magome?"

"Niliambiwa nizikaushe."

"Na nani?"

"Na Fundi."

"Kumbe ulijua kuliko Fundi."

Wasomi wenzangu, nawaambia ninyi hasa. Katika kitabu kile kile nilichokisoma Lindi, baada ya mlango wa twahara, upo mlango wa dharura. Unasema mtu akihofia kufa kwa njaa, mzoga ni halali kwake. Niliusoma. Niliusoma nikiwa nimeshiba, nikaupita haraka kufika kwenye mlango wa biashara.

Fundi alirudi siku ya nane baada ya Somoe kufika. Kumbe Lindi alikwenda kutafuta unga. Aliupata, na njiani askari wakamnyang'anya. Magome aliyoyaweka juu ya unga ili kuuficha wakamwachia. Alisimama akalitazama pipa, akawatazama watoto, akanitazama mimi. Nilingoja kofi, na lingenifaa. Akaingia ndani, akatoa mkeka akautupa uani, kisha akakikokota kitanda chake mpaka nje. Kilikuwa kimewambwa kwa kanda za ngozi mbichi.

"Hizi nilizisuka mwenyewe," akasema. "Hazijatiwa kitu." Akaanza kukata.

Mkewe akatoka. "Baba Sharifa, tutalala wapi?"

"Chini."

"Na mgongo wako?"

"Nao utalala chini."

Kanda zile zilichemshwa usiku na mchana zikawa uji mzito wenye harufu ya kwato. Hadija alikunywa, akalala, akaamka akaomba tena. Fundi akaenda kwa jirani akaomba ngozi ya ngoma, akarudi nayo. Hadija akapona. Abdala hakuweza tena kumeza. Alifariki siku ya nne baada ya Fundi kurudi. Nilimwosha mimi, na nikiwa namwosha nilitambua kwamba maji yaliyotosha mwili wake wote yalikuwa machache kuliko yale niliyofulia kanzu.

Baada ya maziko Fundi aliketi karibu nami kwenye gogo.

"Nilikosa," akasema. "Nilikwambia la kufanya, sikukwambia sababu."

"Kwa nini hukuniambia, Fundi?"

"Nilikuogopa. Ombasha angerudi akakuuliza, nawe ungemwambia kweli."

Sijapigwa kofi kama hilo mpaka leo.

Ombasha alirudi. Tulikata kanda, kwa sababu tusipozikata angechoma na banda. Alivuta moja kwa mikono miwili, akaikanyaga, akaivuta tena. "Kazi nzuri," akasema. "Nani alizitia dawa?" Nikasema ni mimi. Akanipigapiga begani. Ndiyo sifa yangu ya kwanza katika kazi hii, na ilikuwa ya haki: sijawahi tena kutia ngozi magome vizuri namna ile. Msafara ulipopita, Somoe alisimama kando ya njia akizitazama kanda mabegani mwa wapagazi. Zilikuwa zimefunga magunia ya mtama.

Mwaka jana, katika hitima ya mtu, kijana mmoja aliyesoma alisema njaa ile iliandikwa na Mungu, tukubali tushukuru. Nilisimama nikamjibu kwa sauti ambayo haifai msikitini. Naamini kadari. Kila asubuhi namshukuru Mungu kwa pumzi, kwa mke aliyenivumilia na harufu yangu, kwa macho yanayoona tundu la sindano mpaka leo. Lakini njaa ya Mungu naijua, mvua hukosa na kila mtu anatazama juu. Ile ilikuwa njaa ya viberiti. Sitamtwika Mungu mzigo wa ombasha na bwana wake. Wala sitamtwika ombasha ule ulio wangu.

Somoe hakusema nami miaka mitatu. Fundi alipofariki na banda likawa langu, alikuja siku moja bila salamu, akatazama juu darini.

"Ya kuliwa iko wapi?"

Kwa hiyo nilitundika mbili. Ni za mbuzi waliochinjwa, zimekaushwa tu. Ninyi mmezikuta hapo na kudhani nimezisahau. Mmoja wenu, namjua, alitaka kuzifanya mifuko. Kila mwaka Somoe huja kuzikagua, na tangu macho yake yaanze kugoma, Hadija, ambaye sasa ana wajukuu, humleta kwa mkono. Alikuja Jumapili hii.

"Ziko?"

"Ziko, dada."

"Zishushe."

Nikapanda ngazi kwa magoti haya, nikazishusha. Akazipapasa polepole, akainusa moja, akaikwaruza kwa ukucha.

"Hii nondo wameila. Haitoshi hata bakuli."

"Dada, nimestaafu. Karakana nimewaachia vijana."

"Nani amekuuliza habari za karakana? Mbuzi yuko wapi?"

Tulimchinja siku ile ile. Ngozi yake iko nyuma ya banda, kivulini, inahitaji siku nne zaidi kabla ya kupanda darini. Mwenye kuigusa kwa magome aje kwanza nyumbani kwangu, anieleze ana kwa ana, na Somoe akiwepo.